Lenzi Mbili na Mkono wa Kabula

Jumamosi, jioni. Joto la Mwanza leo halina adabu. Mvua imetutishia tangu asubuhi, mawingu yakajaa juu ya ziwa, meusi kabisa, halafu yakaondoka kama mgeni aliyekuja kuchungulia sufuria tu. Wadudu wa ziwani wameingia hadi ndani. Wamekufa dirishani, wamekufa kwenye chai yangu. Nina hasira, na siwezi kusubiri ipoe ndipo niandike. Ikipoa nitaandika uongo.

Kwanza majina. Mwenye habari hii amenipa ruhusa niiandike, akasema tu nibadilishe jina lake. Nimemwita Kabula. Huku kwetu ukiita Kabula sokoni watageuka wengi, kwa hiyo amejificha vizuri. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mume wake sitampa jina, la kweli wala la kubuni. Nitamwita shemeji, kama ninavyomwita ana kwa ana, ingawa leo neno hilo limechacha mdomoni mwangu.

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu iko Buhongwa, chumba kimoja kwenye fremu za maduka ya barabarani, ubavuni mwa saluni ya Mama Rehema. Napiga harusi, vipaimara, pasipoti, watoto wachanga. Kwa muda mrefu nimeitamani lenzi ya makro, ile inayopiga kitu kidogo kwa karibu mno kikatokea kikubwa na kila mstari wake: pete, hina, kope za mtoto. Na kwa kuwa sina uwezo wa kuwa na lenzi kwa kila kazi, nilitaka hiyo hiyo inifae na kwa picha za sura.

Jana nikaenda mjini, Nyamagana, kwa bwana mmoja anayeuza kamera za mtumba. Alikuwa nazo mbili: moja ya milimita sitini, nyingine ya milimita mia. Nikasema naomba nizione. Akatazama nyuma yangu, mlangoni.

“Mwenye kamera yuko wapi?”

“Mbele yako.”

Akacheka. “Hizi si za kuchezea, mama. Mlete fundi mwenyewe achague.”

Fundi mwenyewe! Kamera hii imelipa kodi ya fremu yangu na ada ya mwanangu, lakini kwa huyu bwana mimi ni mke wa mtu aliyetumwa dukani akakosea duka. Nilitamani kumwachia maneno mawili ya kumtosha mwaka mzima. Sikumwachia, kwa sababu duka jingine lenye lenzi za makro silijui. Nikavumilia. Mwishowe akakubali niende nazo zote mbili nizijaribu, nimwachie lenzi yangu ya sura iwe dhamana.

Shida yangu ya kuchagua ilikuwa hii, nawaambia wenye kamera na wasio nayo. Lenzi ya sitini ni nyepesi na inafaa chumba changu kidogo: mteja anakaa kwenye stuli, mimi nasimama hatua chache mbele yake, sura inaenea vizuri kwenye picha. Lakini ukitaka kupiga pete kwa sitini lazima ulipeleke domo la kamera karibu kuigusa, na kivuli chako mwenyewe kinaangukia unachokipiga. Lenzi ya mia inakuacha mbali kidogo, mwanga unaingia, mtu hahisi unamnusa. Ila kwa picha za sura, kwa kamera yangu yenye kihisi kidogo, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, mia inavuta mno. Ningepaswa kupiga picha nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani, au nimetoka nje kabisa, nimesimama barazani kama mdai.

Nilikuwa na kazi ya kuzijaribia. Kanisa wanakosali Kabula na mumewe kule Kisesa linatengeneza kalenda, kila mwezi una picha ya wanandoa wa mfano. Shemeji na mke wake wamepewa Februari. Na si Februari tu. Shemeji alikuwa amewashawishi wenzake kwamba jalada liwe ni mikono yao miwili, wa kwake juu ya wa mkewe, pete zikionekana kwa karibu. Akaniletea kazi mimi. “Tusitoe hela nje wakati shemeji yupo,” alisema kwenye simu, na kila mtu angekwambia ni mtu mzuri.

Ni kweli kila mtu angekwambia. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Msibani anafika wa kwanza na anaondoka wa mwisho. Wazee anawapa shikamoo kwa mikono miwili, mgongo umeinama. Hata mimi nilikuwa nimemkubali, hilo nalo linaniuma.

Walifika asubuhi kwa gari lake la mizigo. Kabula amevaa gauni la kitenge lenye mikono mirefu, imefungwa vifungo hadi kwenye viganja. Kwa joto hili. Nikamtania, nikamwambia umejiandaa kwenda kwenye baridi ya Makete nini. Akatabasamu bila kunitazama. Ni fundi cherehani, nguo anajishonea mwenyewe, nikaona labda ni fasheni.

Nikaanza na sura zao, kwa lenzi ya sitini. Wakakaa bega kwa bega. Shemeji ana uso unaopenda kamera. Kila nilipobonyeza, tabasamu lake lilikuwa pale pale kama kofia. La Kabula lilikuwa linachelewa. Nikimwambia cheka, anamtazama kwanza yeye, halafu anacheka.

Niliona. Naandika hapa kwamba niliona, nikadhani ni aibu ya kamera.

Halafu mikono. Nikatandika kitambaa cheusi mezani, wakaweka mikono. Nikasogea na sitini, na kama nilivyotarajia, kivuli cha lenzi kikameza pete. Nikageuka upande huu, nikageuka ule. Shemeji akaanza kuhema kwa pua. Nikaitoa sitini, nikafunga mia, nikarudi nyuma kidogo, na mwanga wa dirishani ukaingia katikati yetu. Pete ya Kabula ikang'aa hadi mikwaruzo yake. Nikafurahi, jamani. Kwa dakika ile nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Buhongwa.

Lakini mkono wa gauni ulikuwa unaziba.

“Kabula, pandisha kidogo.”

Hakupandisha.

“Acha hivyo hivyo,” shemeji akasema. “Inapendeza.”

Haikupendeza. Kifungo kilikuwa kimekaa katikati ya picha kama mende. Na mimi nikiwa kazini sisikii la mtu. Nikanyoosha mkono, nikakifungua mwenyewe kifungo, nikaukunja ule mkono wa gauni mara moja, nikarudi kwenye kamera, nikapiga.

Nikaikuza picha kwenye kioo cha kamera ili nione kama pete imekaa sawa. Pete ilikuwa sawa. Nyuma yake, kwenye ngozi juu ya kiganja, kulikuwa na kovu. Nikalisogeza katikati.

Tuliambiwa ni uji. Miezi michache nyuma mama alinipigia, akasema Kabula amejimwagia uji wa moto, kapata malengelenge kidogo, anaendelea vizuri, usihangaike kuja. Sikuhangaika kwenda.

Uji unapomwagika unatiririka. Hauna mpaka. Kovu nililoliona lilikuwa na mpaka ulionyooka huku na huku, pande mbili zinakutana mbele kwenye ncha, kama ncha ya mashua. Na ndani yake, alama ndogo za mviringo, zimepangwa kwa safu.

Matundu ya mvuke.

Naijua pasi ile. Niliinunua mimi. Nilimpa kwenye kitchen party yake, nikasimama na kipaza sauti mbele ya akina mama, nikasema, mdogo wangu ni fundi, hawezi kunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Wakapiga vigelegele.

Shemeji alikuja akasimama nyuma ya bega langu, akatazama kioo cha kamera.

“Picha nzuri sana,” akasema. “Hicho kidoa utakitoa kwenye kompyuta.”

Kidoa.

“Ni cha nini?” nikauliza. Nilimuuliza Kabula. Akajibu shemeji.

“Si ule uji? Mdogo wako naye unamjua alivyo na papara.” Akacheka. “Au tena, ifute tu hiyo. Shusha mkono wa gauni, tupige nyingine.”

Nikamtazama Kabula. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cheusi.

“Futa, dada,” akasema.

“Kabula...”

“Futa. Ni uji.”

Na shemeji akabaki pale pale nyuma ya bega langu, ananipumulia shingoni, hadi nilipobonyeza na picha ikapotea. Nikapiga nyingine, mikono imefunikwa, kifungo katikati. Akaisifu. Akaniaga kwa kuniita shemeji mara kibao. Wakapanda gari wakaondoka.

Nilibaki nimekaa kwenye stuli ya wateja. Mama Rehema alichungulia kutoka saluni akaniuliza kama naumwa, nikamjibu vibaya, masikini, na hakuwa na kosa. Halafu nikampigia mama, kijijini Magu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mmeshapiga picha?”

“Mama, Kabula aliungua na nini?”

Nikasikia kuku wake, nikasikia mtu anatwanga kwa mbali.

“Si nilikwambia uji.”

“Uji hauna ncha, mama. Uji hauna matundu.”

“Usipige kelele.”

“Ulijua?”

Akaniambia kwamba nyumba ni ya watu wawili, wa tatu akiingia inabomoka. Akaniambia mwanaume yule ndiye aliyemsaidia baba kuezeka. Akaniambia ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya Kabula wameshalipwa mahari ya mke wa kaka yetu, sasa nataka warudi kwa miguu gani? Alisema yote hayo polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiambia maneno hayo mara nyingi akiwa peke yake. Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mama simu maishani.

Nikaanza kufungasha lenzi nizirudishe mjini. Sikutaka tena makro. Nilikuwa naichukia kwa kile ilichonionyesha, nikamchukia na bwana wa Nyamagana, nikawachukia na wadudu waliokuwa wanatambaa kwenye meza yangu.

Mlango ukagongwa. Ni Kabula. Peke yake, jasho limemlowesha, mkoba begani.

“Kaniacha sokoni ninunue sangara,” akasema. “Yeye kaenda mjini kufuata misumari. Nimechukua bodaboda.”

Nikataka kumkumbatia. Akanipita. Akafunga mlango kwa komeo, akavuta pazia la dirisha la barabarani, akakaa mezani, akatandika upya kile kitambaa cheusi kama anavyotandika kitambaa cha mteja kabla ya kukata. Halafu akaanza kufungua vifungo. Alifungua vyote, akaukunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko.

Kovu halikuwa moja. Lile la kiganjani lilikuwa la zamani. Karibu na kiwiko lilikuwepo jingine, bado lina wekundu, ngozi haijaamua kufunga.

“Piga tena,” akasema. “Hizi usifute.”

Kwa makro ukitetemeka kidogo picha yote inakuwa ukungu, kwa hiyo nikaleta kigoda cha kamera chenye miguu mitatu. Nikafunga lenzi ya mia. Sikutaka kumkaribia na lile domo la sitini, kumwekea chuma karibu na ngozi ile. Kwa mia niliweza kukaa upande wangu wa meza na yeye upande wake. Hakujikunyata.

Akafungua mkoba, akatoa futi yake ya kushonea, ile ya manjano anayoivaa shingoni siku nzima. Akailaza mwenyewe pembeni ya kovu, akainyoosha kwa kidole.

“Ili wasije wakasema ni kidoa.”

Nikapiga. Kwa upande, kwa juu, kwa mwanga wa dirisha la nyuma. Kila tundu la mvuke lilitokea.

“Kwa sababu gani?” nikamuuliza. Najua ni swali la kijinga, kana kwamba ipo sababu ambayo ingenitosha.

“Kola,” akasema.

“Kola?”

“Ya shati la kikao. Ilikuwa na mkunjo.”

Sikumchimba.

Kisha akaniambia anataka picha ya sura. Si ya kalenda, ya kwake. Nikajaribu kuichomoa mia niweke sitini, akakataa, akasema, “Tumia hiyo hiyo uliyoanza nayo.” Basi ikabidi nifungue mlango wa nyuma, nisimame nje kwenye kibaraza, katikati ya ndoo za Mama Rehema, nimpige yeye akiwa ndani. Hakutabasamu, nami sikumwambia atabasamu. Uso wake ulinijia wote kwenye lenzi, na jasho juu ya mdomo, na alama ya tetekuwanga ya utotoni, na macho ambayo safari hii hayakumtafuta mtu wa kuyapa ruhusa. Ni picha kali. Kali mno. Mteja mwingine angeniambia nimlainishe ngozi. Sitalainisha hata kitundu kimoja.

Nilikuwa nimeshazituma picha zote kwenye simu ya rafiki yangu ninayemwamini pale gari lilipofunga breki nje.

Alibisha hodi kwa upole. “Shemeji? Mke wangu yupo?”

Nikamtazama Kabula. Akaitikia kwa kichwa kuniambia nifungue. Nikafungua, nikasimama katikati ya mlango.

“Yupo.”

“Nilimwacha sokoni, nikazunguka nimtafute, nikapata wasiwasi.” Tabasamu lile lile, sasa kwa ajili ya wapita njia. “Kabula, twende mama, jua limekuwa kali.”

“Sirudi leo,” Kabula akasema kutoka ndani.

“Unasema?”

“Sirudi leo.”

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini nyuma yake hakukuwa tena na mtu. Akanisukuma kwa bega akaingia. Akaiona kamera kwenye kigoda, akaiona futi mezani, akaelewa.

“Nipe kadi.”

“Kadi ya nini?”

“Shemeji, usinichezee. Nipe kadi ya picha.”

Alinyoosha mkono kuichukua kamera. Nikaivuta, yeye akavuta, kigoda kikayumba, kiwiko chake kikaikumba lenzi ya sitini iliyokuwa ukingoni mwa meza. Ilianguka kwenye sakafu ya saruji, na mlio wake ni mlio ambao mpiga picha hausahau. Kioo cha mbele kilipasuka kama ukoko wa ugali.

Nikapiga kelele. Sikupanga. Nilipiga kelele kwa Kisukuma, kwa maneno ya bibi yangu, maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa kwa sababu na watoto wanasoma.

Mlango wa saluni ukafunguliwa. Mama Rehema akatoka na chanuo mkononi, na nyuma yake wateja wake, mmoja kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, mwingine ana dawa ya nywele inamchuruzika. Walijaa mlangoni kwangu wakamtazama shemeji. Na Kabula akasimama. Alikuwa hajashusha mkono wa gauni. Akauinua ule mkono mbele ya wote, taratibu.

Mama Rehema ndiye aliyesema, tena kwa adabu kabisa: “Kaka, njia ya kutokea ni hii.”

Akatoka. Pale nje akajaribu kusema kitu kuhusu wanawake na shetani, lakini hapakuwa na mtu wa kumwitikia. Akawasha gari. Misumari yake ikalia nyuma kwenye bodi mpaka alipokata kona.

Mimi nilidhani hapo ndipo tunaenda polisi, kwenye dawati la jinsia, saa hiyo hiyo, damu ikiwa moto. Nikavaa viatu. Nikachukua funguo. Kabula alikuwa amekaa.

“Leo hapana.”

“Kabula, ukichelewa...”

“Jumatatu.”

Nikaanza kumpigia makelele na yeye. Ndiyo, yeye. Nikamwambia atabadilika moyo, nikamwambia mama atamlainisha, nikamwambia Jumatatu ni mbali. Akanisikiliza hadi nilipoishiwa pumzi.

“Dada,” akasema, “yule ananiamulia. Mama ananiamulia. Wewe nawe asubuhi umenikunja mkono wa gauni bila kuniuliza, mbele yake. Unajua nilivyoogopa? Unajua ningerudi vipi nyumbani kwa ajili ya hicho kifungo chako?”

Sikuwa najua. Kwa hasira yangu yote nilikuwa nimejiweka upande mmoja na watu wema, kumbe upande wenyewe una kazi nilikuwa sijaianza.

“Jumatatu,” nikasema.

Mambo mengine ni madogo lakini nayaandika. Nilimpigia yule bwana wa Nyamagana nikamwambia sitini imevunjika. Akasema, “Nilikwambia umlete fundi.” Nikamwambia fundi ndiye anayezungumza naye, na kwamba lenzi yangu ya sura aliyonayo ibaki kwake ifidie hiyo sitini. Na mia siirudishi, nitamlipa kidogo kidogo. Akaguna, akaanza maneno yake, nikamwambia ndiyo au hapana. Ndiyo, akasema. Kwa hiyo nimechagua, kwa wale walioniuliza tangu jana kwenye maoni ya ukurasa wangu nitachukua ipi. Ni lenzi nzito, chumba changu hakiitoshi, wateja wa sura nitawapiga nikiwa nje barazani na mvua ikinyesha nitaloa. Ndiyo hiyo.

Na wa kalenda nimewajibu. Nimewaandikia wanaoitengeneza kwamba picha ya Februari haitakuwepo na ya jalada haitakuwepo. Wameniuliza kwa nini. Nimewaambia wamuulize shemeji mwenyewe.

Sasa hivi Kabula anakaanga dagaa jikoni kwangu. Nimemwambia apumzike, akasema akikaa bure atafikiri. Simu yake ameizima. Yangu inaita tangu alasiri: shemeji, kaka yake, mtu wa kanisani mwenye sauti ya asali, tena shemeji. Sipokei. Ningependa kupokea. Nina maneno, nimeyapanga kama risasi, ila Kabula ameniomba niyaache, na leo nimejifunza kuuliza.

Naogopa. Hilo nalo niliseme. Hasira ni nzuri kwa kuanzia siku, haitoshi kuimalizia. Je, akiamka Jumatatu aseme anarudi Kisesa, nitaweza kumsindikiza hadi stendi nikafunga mdomo wangu?

Simu moja tu niliipokea, ya mama. Hakulalamika kwamba nilimkatia. Aliuliza, “Analala kwako?” Nikasema ndiyo. Akauliza amekula? Nikasema anapika. Nikasikia anavuta kamasi, halafu akasema atapanda gari la asubuhi anakuja.

Hakusema anakuja kumchukua au anakuja kukaa naye.

Nitamfungulia mlango, ni mama yangu. Nitampa shikamoo, nitamwandalia chai na viazi. Lakini mkoba wa Kabula uko chumbani kwangu, juu ya kitanda, na hakuna atakayeutoa nje ya nyumba hii isipokuwa Kabula mwenyewe, kwa mkono wake, siku atakayotaka yeye.